Nyama Iliyooshwa Jumanne

Menyu mpya zililetwa Alhamisi asubuhi, maboksi manne, na harufu ya wino ikafika hadi jikoni. Zlate Pomerants alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akipanga matango ndani ya pipa, mikono imezama kwenye maji ya chumvi mpaka viwikoni, na hakuinuka. Kiingereza alikisema, lakini kusoma kulimpa taabu. Akamwita binti yake Sheyndl, aliyekuwa akipanga uma mezani.

"Nisomee nyuma pale. Mumeo anasema nyuma kuna historia."

"Mama, nina meza ishirini za kupanga."

"Meza hazina miguu ya kukimbilia. Soma."

Sheyndl akafuta vidole kwenye aproni, akaigeuza menyu. Pale kaunta mumewe Lazer, mkata nyama, akaacha kisu hewani ili asikie vizuri.

"'Historia ya Pomerants,'" Sheyndl akasoma. "'Mwaka wa elfu moja mia tisa na kumi na tatu, Norman Pomerants alishuka melini akiwa na karatasi moja mfukoni: siri ya babu yake ya kutia nyama chumvi. Kwa pipa moja na ndoto kubwa...'"

"Pipa moja na nini?"

"Ndoto, Mama."

"Haya, endelea."

"'...na ndoto kubwa, akafungua mkahawa wake wa kwanza hapa Bronx. Leo mikahawa ya Pomerants imefika saba, na kila mgeni ni mgeni wa Norman.'" Sheyndl akashusha menyu.

"Baba yako yuko wapi?"

"Hayupo, Mama."

"Angalia chini zaidi."

"Chini kuna bei ya soda."

Lazer akaangua kicheko. "Mwaka wa kumi na tatu Norman alikuwa na miaka sita! Alishuka melini akiwa na kamasi mpaka kidevuni, si Mama ndiye aliyetuhadithia?"

"Kamasi na chawa," Zlate akasema. "Nilimnyoa mwenyewe kwa mkasi wa kukatia samaki. Na hakuitwa Norman. Aliitwa Nokhem." Akachukua tango jingine, akalilaza juu ya lile la kwanza, akalisukuma kwa kidole gumba mpaka likakaa.

Pipa lile la kwanza lilikuwa lake. Yeye na mumewe Hershl walilishusha ngazi za chumba cha chini, wakauza achari na nyama ya chumvi dirishani, na Nokhem, mdogo wake Hershl, akalala juu ya magunia ya vitunguu. Vipimo vya giligilani, pilipili manga na kitunguu saumu Zlate alivipata kwa mama yake, wala havikupata kuandikwa popote. Hershl alipokufa, miaka minne iliyopita, mikahawa ilikuwa sita. Nusu ilikuwa ya Hershl, nusu ya Nokhem, aliyekuwa Norman tangu alipoanza kuvaa tai.

Norman mwenyewe aliingia saa nane mchana, wateja wakiwa bado wapo, akamsalimia kila mtu kwa jina isipokuwa Lazer. Akaja hadi jikoni na kifurushi kwapani.

"Shemeji! Umeziona? Karatasi nzito, eh? Ukiimwagia supu inateleza tu."

"Nimesomewa."

"Wamarekani wanapenda mtu mmoja," Norman akasema kwa upole, kama anayemweleza mtoto. "Ukiwapa watu watatu unawachanganya."

"Hershl anawachanganya?"

"Marehemu hapigiki picha, shemeji. Mimi napigika. Usinikasirikie bure, na wewe nimekuwekea nafasi yako." Akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kitambaa cha kichwa chekundu chenye maua makubwa ya njano. "Jumapili tunafungua Manhattan. Wewe utakaa mlangoni kwenye kiti kizuri, umejifunga hiki, na bakuli la achari mapajani. Watu waingie wamwone bibi wa kule nyumbani."

"Kule nyumbani nilivaa cheusi."

"Cheusi hakitoki vizuri pichani."

Mhudumu mmoja aliyekuwa akipita na sahani akakohoa, akaharakisha. Norman akavuta kigoda, akaketi karibu, akashusha sauti lakini si sana. Kuanzia Jumatatu jiko hili litafungwa, akasema. Upishi wote utahamia jiko kubwa la Manhattan. Kuna karatasi ndogo ya mwanasheria, nusu ya Hershl iingie kwenye kampuni, na Zlate alipwe kila wiki kwa kukaa mlangoni mpaka mwisho wa maisha yake. Ataitia sahihi Jumapili mbele ya wageni, wapige picha.

"Na nisipotia?"

Norman akageuza shingo kumtazama Lazer. "Manhattan panahitaji wakata nyama. Au pengine hapahitaji. Kuna mashine siku hizi, shemeji, inakata mkate na nyama na haidai likizo."

"Jumapili," Zlate akasema.

"Jumapili. Na ujaribu kutabasamu kidogo." Akachukua tango kwenye pipa kwa mkono mtupu, akaling'ata, akalirudisha nusu. "Bado halijaiva."

Alipokwisha kutoka, Zlate akalitoa lile tango, akalitupa, kisha akamwaga maji yote ya pipa na kuanza upya. Maisha yake yote alikuwa mtu wa kufunika vitu na kungoja vichachuke, na hakuwa na desturi ya kufunua kabla ya siku yake.

 

Ijumaa asubuhi lori likaleta nyama, makreti manne ya kifua cha ng'ombe. Pastrami ya ufunguzi, ile nyama ya chumvi iliyofukizwa moshi, ilikuwa imeiva tangu wiki ya nyuma. Hii ya leo ilikuwa ya kupikwa na vitunguu na karoti kwa ajili ya marabi na wageni wa Jumapili. Makreti mengine kumi, dereva akasema, yalikwisha kushushwa Manhattan.

Kila kreti lilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Nyama ya kosher, iliyo halali kwa Myahudi, haikai siku tatu bila kuoshwa. Ikipitisha siku tatu damu huganda ndani yake, chumvi haiwezi tena kuitoa, na nyama hiyo haiingii kwenye sufuria ya Myahudi. Kwa hiyo msimamizi huiosha, kisha huandika siku na saa na kutia sahihi. Msimamizi wa mikahawa ya Pomerants alikuwa Reb Kalmen, Reb ya heshima tu, si rabi, mtu mwembamba mwenye mabinti watatu, na mshahara wake ulitoka kwa Norman.

Vikaratasi viliandikwa kwa herufi zetu, za Kiebrania, na herufi hizo Zlate alizisoma vizuri tu. Akasoma cha kwanza. *Imechinjwa Jumapili. Imeoshwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kalmen.* Akasoma cha pili na cha tatu. Akarudi kwa cha kwanza, akaketi juu ya kreti.

Jumanne ile ilikuwa siku ya pili ya Sikukuu ya Majuma. Hakuna Myahudi mwenye imani yake aliyegusa kazi Jumatatu ile wala Jumanne ile. Zaidi ya hayo, siku ya pili ndiyo siku ya kuwakumbuka wafu, na hata wale wanaokula wasichopaswa kula mwaka mzima huja siku hiyo kusimama kwa ajili ya baba na mama zao. Saa nne asubuhi Zlate alikuwa sinagogi, roshani ya wanawake, amesimama kwa ajili ya Hershl. Huko chini alimwona Reb Kalmen benchi la pili, shuka la sala limemfunika kichwa, mabega yakitikisika. Na alikiona kiti cha Norman, ambacho mtu mwingine aliweka kofia yake.

Norman hakujua. Hilo ndilo lililomketisha Zlate juu ya kreti. Alichukua kalenda ya ukutani, ile ya benki, akahesabu kwa kidole siku ambayo nyama ilipasa kuwa imeoshwa, akaandika Jumanne kama mtu anayeandika siku yoyote. Angeandika Jumatano pengine asingekamatwa. Lakini angejua vipi? Hakwenda kumkumbuka ndugu yake.

Akakata uzi wa kikaratasi kimoja, akakitia kifuani.

"Rudisha," akamwambia dereva.

"Mama, ndiyo kwanza nimeshusha."

"Oveni yangu imekufa. Mwambie Norman apike yote huko huko."

"Oveni si hiyo inawaka?"

"Wewe ni fundi wa oveni?"

Dereva akapakia makreti akilalamikia mgongo wake.

Mchana ule Zlate akamkuta Reb Kalmen kwenye foleni ya mikate ya Sabato, akasimama nyuma yake.

"Reb Kalmen, Jumanne uliosha nyama?"

"Jumanne?" Kalmen akageuka. "Zlate, jua limekupiga? Jumanne tulikuwa sinagogi. Nilikuona nilipoinua macho, ulikuwa na kofia nyeusi."

"Kweli. Mtu akizeeka anachanganya siku. Jumapili utakuwepo Manhattan?"

"Nitakuwepo. Norman ameniambia nivae koti zuri, nikae karibu na rabi, nile wa kwanza watu wanione."

"Basi usiwe wa kwanza."

Kalmen akacheka, akidhani ni utani wa kizee, akanunua mikate yake miwili na kwenda zake.

 

Sabato mchana, baada ya samaki na kabla ya chai, Zlate akawaambia. Watoto walikuwa wametumwa kwa jirani. Kikaratasi kilikuwa juu ya kabati, chini ya kinara cha mishumaa, tangu jana kabla ya jua kuzama, na hakuna aliyekigusa, maana karatasi ya biashara haishikwi Sabato. Walikisoma wakiwa wamesimama, mikono nyuma, kama watu wanaotazama bidhaa dukani.

Lazer akapiga mluzi. "Mama, hii ni dhahabu."

"Leo Sabato. Hatuongei biashara."

"Siongei biashara, naongea dhahabu. Kesho asubuhi mapema unamwendea. Unamwonyesha kona tu, hivi. Unamwambia: nusu ya Hershl inabaki yangu, jiko linabaki, Lazer anabaki kaunta. Atatia sahihi hata kwa damu ya pua."

"Kisha?"

"Kisha tunachoma karatasi, nyama inatupwa usiku, hakuna aliyeona."

"Kwa hiyo nimuuzie."

"Umuuzie! Ndiyo!"

"Simuuzii," Zlate akasema, akamega mkate.

Sheyndl alikuwa bado amesimama mbele ya kabati. Yeye hakuwa na hasira ya mama yake wala tamaa ya mumewe. Alikuwa na watoto wawili na viatu vyao. "Mama, ukisema mbele ya watu hakuna kitakachobaki. Si Manhattan tu, yote saba. Lazer atatafuta kazi wapi? Nani atamchukua mtu aliyekata nyama kwa Pomerants?"

"Mkono wake ni mzuri. Atapata."

"Na jina? Jina lililo juu ya milango ile ni la Baba."

"La Baba?" Zlate akaweka mkate chini. "Wewe mwenyewe ulinisomea. Nikakwambia angalia chini, ukaangalia. Ulimwona?"

Sheyndl akatikisa kichwa.

"Hershl ameshatolewa," Zlate akasema. "Wamemfuta kwa wino mzuri, kwenye karatasi ambayo ukiimwagia supu inateleza. Basi hata aibu haitamfikia. Itamfikia yule aliyeandikwa."

"Na watu watakaokula nyama ile? Reb Kalmen? Marabi? Umejua tangu jana, Mama, na umeiacha ipikwe!"

"Hawataila."

"Utawazuia kwa kitu gani?"

"Watanawa mikono kwanza," Zlate akasema. "Haya, leta chai."

 

Jumapili mlango wa Manhattan ulifungwa kwa utepe wa bluu, na Norman akaukata mara tatu kwa sababu mpiga picha alitaka tena. Ndani kulikuwa na taa zilizofichwa darini, viti vya ngozi nyekundu, na ukuta mzima umebandikwa historia ile ile ya menyu, kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Juu yake picha ya Norman.

Zlate alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Kitambaa chekundu alikuwa amejifunga. Bakuli la achari lilikuwa mapajani. Wageni waliingia wakimtazama kama wanavyotazama dubu wa sarakasi. Mwanamke mmoja mwenye glavu akamgusa shavu, akamwambia mumewe, "Huyu ni wa kweli." Norman akapita mara mbili kumrekebisha fundo la kitambaa.

"Tabasamu, shemeji. Karatasi tutaitia sahihi baada ya chakula."

"Nami nitakula?"

"Utakula jikoni tukimaliza. Meza zimejaa."

Meza kweli zilijaa. Mbele kabisa waliketi marabi watano, na mkubwa wao alikuwa mzee mwenye ndevu za rangi ya majivu, mtu asiye na haraka. Reb Kalmen alikuwa kando yake na koti lake zuri. Sahani zikapangwa, nyama ya kifua imekatwa vipande vinene, mvuke unapanda, mchuzi wa vitunguu ukingoni. Lazer ndiye aliyeikata. Alikuwa mweupe kama aproni yake, na kila baada ya kipande aliinua macho kutazama mlangoni.

Kisha watu wakaitwa kunawa. Wakapanga mstari kwenye beseni, kila mmoja akajimwagia maji kwa kopo la masikio mawili, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akasema baraka na kurudi mezani. Na kama ilivyo, kuanzia hapo hakuna anayesema neno mpaka mkate ubarikiwe na atie kipande kinywani. Norman, ambaye hakuwa amenawa hivyo tangu mazishi ya kaka yake, alinawa polepole kuliko wote, kwa ajili ya mpiga picha. Akarudi kiti chake akiwa amebana midomo. Ukumbi mzima ukawa kimya. Rabi mkubwa akautwaa mkate, akangoja wa mwisho kwenye foleni akae.

Zlate akaweka bakuli la achari sakafuni, akasimama.

"Msiinuke," akasema. "Mimi naweza kuongea. Sikunawa, kwa sababu sikuitwa mezani."

Vichwa vikageuka. Baadhi wakatabasamu, wakidhani ni sehemu ya shughuli. Norman akainua mkono. "Mm," akasema kwa pua. "Mmm-mm!" Akaashiria kiti.

Zlate akatoa kikaratasi kifuani, akakisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. "Hiki kilikuwa kwenye kreti la nyama mliyowekewa. Kimeandikwa: imechinjwa Jumapili. Imeoshwa Jumanne, saa nne asubuhi. Sahihi, Kalmen." Akangoja. "Jumanne hii iliyopita."

Mwanzoni hakuna aliyeelewa. Kisha mzee mmoja kwenye meza ya tatu akaanza kuhesabu kwa vidole. Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Kidole cha tano kikabaki hewani. Ukaona jambo lile linapita kutoka meza hadi meza, mtu akimtazama mwenzake, macho yakitoka, na hakuna anayeweza kufungua kinywa. Norman peke yake ndiye hakuwa amefika. Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akitafuta ni nini kimewapata.

"Bado hujui, Nokhem?" Zlate akasema. "Watazame. Wote wamejua isipokuwa wewe. Jumanne saa nne nilikuwa sinagogi nimesimama kwa ajili ya kaka yako. Kalmen alikuwa benchi la pili. Kiti chako kilikuwa na kofia ya mtu. Kama ungekuja kumkumbuka Hershl robo saa tu, ungejua kwamba siku ile hakuna mtu aliyeosha nyama."

"Ni uongo!" Norman akapiga kelele. "Mwanamke huyu amezeeka, hajui hata..."

Akasita. Yeye ndiye aliyevunja ukimya, mikono yake bado ina maji. Marabi watano walikuwa wanamtazama.

Rabi mkubwa akasema baraka yake juu ya mkate, bila kuharakisha. Akakata kipande, akakichovya kwenye chumvi, akakitafuna. Ukumbi wote ulitazama taya zile zikienda. Akameza. Akanyoosha mkono, Zlate akampa kikaratasi, naye akakiweka mbele ya Reb Kalmen.

"Sahihi hii ni yako?"

Kalmen alimtazama Norman. Ungeweza kuwaona mabinti watatu wakipita usoni mwake, mmoja mmoja. "Jina ni langu," akasema. "Mkono si wangu."

"Uliosha nyama Jumanne?"

"Rabi, Jumanne sikuosha hata uso wangu. Nilikuwa namlilia mama."

Rabi akaweka kidole kimoja kwenye ukingo wa sahani yake, akaisukuma mbali. Kalmen akasukuma yake. Kisha meza ile, kisha ya pili, na ya tatu, sahani mia na zaidi zikikwaruza mbao. Mpiga picha hakujua apige nini, akampiga Norman.

Lazer alidhani yamekwisha. Lakini Zlate alikwenda mpaka meza ya Norman, akafungua kitambaa chekundu, akajifutia mikono nacho, akakiweka juu ya nyama.

"Karatasi yako iko wapi?"

"Karatasi gani?" Norman akanong'ona.

"Ya mwanasheria. Ulisema baada ya chakula, na naona chakula kimekwisha. Itoe."

"Shemeji, si sasa..."

"Itoe, Nokhem."

Akaitoa mfuko wa ndani wa koti. Zlate akachukua kalamu ya rabi, akaandika jina lake kwa herufi zetu, taratibu, akapuliza wino ukauke. "Nusu ya Hershl uliitaka," akasema, akaonyesha ukuta kwa kidevu. "Chukua. Sasa ni kama ilivyoandikwa pale. Yote ni yako, na umeifanya mwenyewe."

Akamwita Sheyndl, wakatoka. Lazer akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiacha kaunta na kuwafuata.

 

Tangazo la marabi lilitoka katika gazeti Jumanne, na kufika Ijumaa watu walikuwa wamevunja hata vyombo vya udongo walivyopakulia chakula cha Pomerants, maana udongo ukinajisika hautakasiki. Brooklyn ikafungwa mwezi wa Julai. Mikahawa miwili ikabadilishwa jina, ikauza jibini juu ya nyama, kitu ambacho mshika kosher hali, na hata hivyo haikupata watu. Kufika mwisho wa Septemba Norman alibaki na Manhattan peke yake, viti vyekundu vitupu. Reb Kalmen alipata usimamizi kwa mwoka mikate. Lazer alipakia magunia bandarini miezi miwili, mkono ule mzuri ukavimba, na Sheyndl akaleta cherehani nyumbani. Hawakumlaumu mama yao kwa maneno. Walikula viazi, na viazi vilisema.

Ndipo Norman akaanza kuja.

Kabla ya Siku ya Upatanisho mtu lazima amwombe radhi aliyemkosea, kwa sababu Mungu husamehe yaliyo yake tu. Anakwenda na mashahidi watatu. Akikataliwa anarudi, na akikataliwa anarudi tena. Akikataliwa mara ya tatu, amemaliza: yeye yuko huru, na dhambi inahamia kwa aliyekataa. Norman alikuwa mtu wa kulala saa chache siku hizo, na kitu hicho kimoja tu ndicho alichokitaka mwaka huo.

Mara ya kwanza alisimama mlangoni na wazee watatu wa sinagogi, kofia mkononi. "Shemeji, nimekukosea wewe na ndugu yangu. Nisamehe."

"Hapana," Zlate akasema, akafunga.

Mara ya pili, siku tatu baadaye, alilia. "Hapana," Zlate akasema.

"Imebaki moja, Mama," Lazer akasema jioni ile. "Mpe hapana yake ya tatu, tupumzike."

"Akipata ya tatu anakwenda zake mweupe," Sheyndl akasema, "na inabaki kwako. Afadhali umsamehe."

"Simsamehe," Zlate akasema. "Na ya tatu hapati."

Akaja Jumapili, Zlate alikuwa kwa jirani. Akaja Jumatatu asubuhi na jioni, na Sheyndl akasema mama yuko bafuni, na kweli alikuwa bafuni, ameketi kwenye ukingo wa beseni na nguo zake zote akimenya vitunguu. Jumanne Norman alimwona sokoni, lakini mashahidi hakuwa nao, na alipokwenda kuwatafuta samaki alikuwa amekwisha kununuliwa.

Jumatano ndiyo mkesha wenyewe. Saa tisa alasiri hatua za watu wanne zikasikika ngazini. Zlate akamwambia Sheyndl afungue mlango. Yeye akachukua kitabu cha sala, akaelekea ukuta wa mashariki, akabana miguu, akaanza sala ya kimya ya alasiri, ile ambayo mtu akishaianza hamjibu hata mfalme.

Norman akaingia na wazee wake, akamwona mgongo.

"Anaomba," mzee mmoja akasema.

"Tutangoja. Atamaliza."

Wakangoja. Siku hiyo sala hiyo huwa na orodha ya dhambi mwishoni, na kwa kila dhambi mtu hujipiga kifua. Zlate alijipiga polepole, ngumi ndogo ya kizee, moja, akapumua, nyingine. Alipofika kwenye dhambi ya kuufanya moyo mgumu alijipiga sawasawa na zile nyingine, akaendelea. Jua likashuka kwenye zulia, likapanda mguu wa meza. Wazee wakaanza kutazamana. Walikuwa hawajala, na mfungo ulikuwa unakaribia.

"Sema tu, Norman," mmoja akanong'ona. "Masikio anayo."

"Zlate," Norman akasema. "Mara ya tatu. Nisamehe."

Ngumi ikapanda, ikagonga kifua.

"Hajakujibu," mzee wa kwanza akasema. "Haihesabiki." Akavaa kofia yake. Wa pili akamfuata, na wa tatu akamgusa Norman begani kabla ya kushuka.

Norman akabaki peke yake katikati ya chumba, mtu mnene mwenye miaka arobaini na saba. "Mama," akasema, kama alivyomwita zamani alipokuwa akilala juu ya magunia. "Mama, jua linashuka."

Midomo ya Zlate iliendelea kutembea. Hatimaye ngazi zikasikika tena, mtu mmoja, akishuka akisimamasimama.

Sheyndl aliyaona yote akiwa mlangoni mwa jiko, na macho yake yalikuwa mekundu. "Umebakiza nyingi, Mama? Chakula kinapoa."

Zlate akarudi nyuma hatua tatu, akainama kushoto, akainama kulia, akafunga kitabu.

"Nilimaliza zamani," akasema. "Alikuwa bado hajaniita kwa jina. Niwekee supu."